Hoteli za Kuonyesha

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye ofisi ya wakala wa safari, Msimamizi wa Dawati la Viza aliniuliza mtu akitaka kwenda Ulaya, wenyeji wa huko hutaka kujua nini kwanza. Nikajibu pasipoti, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Akatikisa kichwa. Akasema wanataka kujua atalala wapi.

Nilishangaa kweli. Mimi ni binti wa Machame, na nyumbani kwetu mgeni haulizwi atalala wapi. Ukimuuliza, umeshamwambia hujafurahi amekuja. Unatandika, basi. Sasa hapa palikuwa na serikali nzima zinazouliza swali hilo kwa maandishi, tena zinataka ushahidi. Nilirudi chumbani kwangu Kaloleni nikiwaza ni watu wa namna gani hao.

Ushahidi wenyewe tuliuita uthibitisho wa malazi. Niwaelezee vijana mnaojaza kila kitu kwenye simu. Msafiri anayefikia hotelini alionyesha karatasi ya hoteli yenye anwani, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Anayefikia kwa ndugu alionyesha barua ya mwaliko kutoka kwa mwenyeji wake, na nchi nyingine zilidai pia fomu iliyogongwa muhuri na manispaa ya huko. Ratiba haikutakiwa kuwa na siku hata moja isiyo na mahali pa kulala. Nilipenda kazi ile kupita kiasi. Nilizisoma anwani za miji nisiyoijua, nikajiuliza mtaa ule una miti, na kama asubuhi watu wake wanakunywa chai au uji.

Baada ya muda Meneja Mkuu alinifundisha njia ya mkato. Barua za mwaliko zilichelewa, muhuri wa manispaa ulichelewa zaidi, na wateja hawakuwa na subira. Kwa hiyo tulikuwa tunashika nafasi ya hoteli inayoweza kufutwa, tunachapa karatasi, viza ikitoka tunaifuta ile nafasi. Ofisini tuliziita hoteli za kuonyesha.

"Ubalozi unataka karatasi, Aikande," aliniambia. "Hautaki kitanda."

Nilicheka, na kwa miaka mingi niliwarudishia maneno hayo wafanyakazi wapya.

Kisha nikahamishiwa tawi letu la Themi, nikapewa cheo cha Ofisa Viza. Huko ndiko alikokuja Mama Nashipai, mkulima na mfugaji kutoka upande wa magharibi wa Mlima Meru. Mwanawe Nashipai alikuwa ameolewa Uholanzi, ana mimba ya miezi minane, ndiyo ya kwanza. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu, nyumbani hayupo. Mama alitaka awepo mtoto atakapozaliwa, amfundishe binti yake kumlea.

Nilimwamkia shikamoo, nikampa kiti. Nikamuuliza kuhusu safari, afya na ng'ombe. Lile swali moja la kazi yangu sikumuuliza. Nilimwonea haya. Ningewezaje kumuuliza mama wa makamo yale, anayekwenda kwa binti yake, atalala wapi? Nikamtafutia hoteli nzuri karibu na kituo cha treni, nikaiweka kwenye faili, na nikajisifu kwamba nimemstahi.

Akapanda basi hadi Dar es Salaam kutoa alama za vidole na kuhojiwa. Afisa wa ubalozi akamuuliza kama atakaa hotelini muda wote.

"Hoteli gani?" Mama Nashipai akauliza.

Afisa akamwonyesha karatasi. Mama akasema hajawahi kuiona, na kwamba mwanawe anazaa, yeye alale hotelini kama nani? Alisema kweli tupu, na kweli hiyo ikalikanusha faili lake mwenyewe. Viza ikakataliwa, kwa maelezo kwamba taarifa za malazi haziaminiki. Wiki iliyofuata Nashipai alijifungua kwa upasuaji, akarudi nyumbani peke yake na kitoto.

Mama alinisimulia yote haya mezani kwangu, polepole, akinitazama kama mtu anayetaka kuelewa mashine inavyofanya kazi. Hakupaza sauti. Nilitamani angepaza.

Tukaanza upya. Nashipai, na kidonda chake, akaenda manispaa kufuata muhuri. Mimi nikaandika barua ya maelezo kwamba hoteli ile niliiweka mimi bila kumuuliza mwombaji, naye hakujua. Meneja wa Tawi aliisoma mara mbili.

"Ukisaini hii, umesema ofisi hii inadanganya."

"Nimesema mimi nilidanganya, bosi."

Nikasaini. Viza ikatoka. Mimi nikaondolewa kwenye viza nikapelekwa dawati la tiketi, na hapo ndipo nilipokaa hadi nilipostaafu. Sikulalamika. Tiketi haziulizi mtu mambo ya nyumbani kwake.

Siku hizi niko kwangu, nafuga kuku na kusuka vikapu vibaya. Vijana wa ofisi bado hunipigia simu wakikwama. Kabla ya yote huwauliza kama wamemuuliza mteja atalala wapi hasa, kwa nani, chumba gani. Wengi huwa hawajamuuliza. Wananiona bibi mwenye maswali ya kizamani, na sina ubishi nao.

Hawajui habari za siku aliyorudi Mama Nashipai kutoka Uholanzi. Alipitia dawati la tiketi kunishukuru, maana ana adabu kunishinda. Aliniambia mjukuu ana afya, nyumba ina joto, na kule kila mtu anapanda baiskeli, hata wazee. Nikamwomba msamaha kwa zile wiki tulizompotezea. Akasema hakuna neno, alifika. Nikataka kujua alimkuta binti yake katika hali gani.

"Nilikwenda kumfundisha kuogesha mtoto," akasema. "Nikamkuta anajua."