Chuma Nilichomfungia Mama Mkwe

Je, mama mkwe wangu alijua tangu mwanzo kwamba nilimwona, au ni mimi mwenyewe niliyemjulisha, wiki moja baadaye, nikiwa nimelala chali chini ya gari langu na spana mkononi? Nimelirudia swali hili mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Wa kulijibu alikuwa mmoja tu, naye hakuwa mtu ambaye ningeweza kumuuliza.

Alikuja kwetu Mtoni kutoka kusini akiwa na kidonda mguuni, juu kidogo ya kifundo, kilichokataa kupona kwa dawa za zahanati ya kijijini kwao. Daktari alikitazama, kisha akamwambia mke wangu bila kuzunguka kwamba kidonda hicho kisafishwe hospitalini kila baada ya siku mbili, na mguu usitembezwe vumbini. Vinginevyo ungekatwa. Mimi nilikuwa na gari, kwa hiyo jambo lilionekana limekwisha kabla halijaanza. Lilikuwa gari dogo, kuukuu, nililolipata kwa mtaalamu wa kigeni aliyekuwa anarejea kwao. Nilikuwa nimetoka Chuo Kikuu miaka michache nyuma, nikifanya kazi wizarani, na nililionea fahari gari lile kuliko shahada yangu. Sikumpa mtu mwingine usukani, hata wa kulisogeza uani.

Mimi na mke wangu sote ni watu wa kusini, na kwa watu wetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali sahani moja, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Mjini tulikuwa tumelegeza mengi, lakini si hilo. Niliporudi kazini nilikohoa mlangoni ili apate nafasi ya kuingia chumbani kwake. Akiwa na neno nami, alilipitisha kwa binti yake: “Mwambie mwenzio,” hata kama mwenzio huyo alikuwa nyuma ya pazia akisikia kila kitu. Garini alichagua kukaa nyuma ya kiti changu, kanga ameivuta mpaka kwenye paji la uso, mahali ambapo kioo cha dereva hakikumfikia. Wakati ule sikutambua kwamba alichagua. Niliona amekaa tu.

Jumapili moja asubuhi tulikwenda Pugu kumjulia hali dada yake. Mazungumzo yakanoga, chakula kikachelewa. Siku hizo magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana, kwa sababu ya uhaba wa petroli, na tulipoaga saa saba ilikuwa imekwisha kupita. Nikakanyaga mafuta. Kwenye kona moja ya kulia, pale barabara inaposhuka kutoka vilimani, gari liliinama ubavu kiasi kwamba niliona nyasi za kando ya barabara zikinijia dirishani kwa mke wangu. Nikasikia kishindo nyuma. Macho yangu yakapanda kwenye kioo kabla sijayaamuru. Mama alikuwa ametupwa upande wa pili wa kiti, miguu juu, kanga zote mbili zimemtoka. Sitaandika zaidi ya hapo.

Nikarudisha macho barabarani. Mke wangu alikuwa mbele, akimnyonyesha mtoto, na alipopata kugeuka mama alikwisha kuinuka na kujisitiri.

“Umeumia, mama?”

“Nimejigonga bega tu.”

Nililalamikia barabara, kama dereva yeyote angelalamika. Tukafika nyumbani kabla ya saa nane.

Jumanne, siku ya kidonda, neno likaja kupitia kwa binti: “Mwambie mwenzio gari linanitia kizunguzungu. Linalala mno. Nitakwenda kwa miguu.” Tulidhani ni la siku moja. Mabasi yalikuwa machache, na kuyapanda asubuhi kulihitaji kifua alichokuwa hana, basi akaenda kwa fimbo, akipumzika kwenye baraza za watu. Alirudi na mchanga ndani ya bandeji. Safari iliyofuata ikawa vilevile, na muuguzi akamwambia mke wangu kwamba kidonda kimeanza kunuka. Zamu nyingine ilikuwa Jumatatu.

Nililichukua neno la kizunguzungu kama lilivyosemwa, tena kwa faraja kubwa. Kama tatizo lilikuwa gari kulala, basi lilikuwa tatizo la chuma, na chuma nilikuwa nacho. Ndani ya buti, tangu nilipolipata gari, kulikuwa na fimbo nene ya chuma iliyopindwa ncha zote mbili, imefungwa kwa karatasi yenye mafuta, pamoja na mipira, boliti na karatasi ya michoro yenye maelezo ya lugha nisiyoijua. Yule mtaalamu aliiagiza kwao, akaondoka hajaifunga. Haikuwa sehemu ya gari lilivyotoka kiwandani. Ni kitu cha kuongeza, hufungwa chini upande wa nyuma, kikaunganisha upande wa kushoto na wa kulia, ili gari likikata kona upande mmoja usizame huku mwingine ukiinuka. Mafundi huiita stebilaiza.

Jumapili iliyofuata, baada ya saa nane, magari yote yakiwa yamelala, nilipandisha la kwangu kwa jeki uani, nikaliegemeza juu ya matofali ya saruji, nikaingia chini. Dirisha la chumba cha mama lilikuwa juu ya kichwa changu. Nilimsikia akipukuchua kunde, punje zikidondoka kwenye ungo.

Haukupita muda, jirani yetu akaja. Alikuwa dereva wa lori, siku hizo akiwa likizoni, na kwa kabila alikuwa mtani wangu, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kusema lolote.

“Lahaula! Shahada imelala chini ya gari,” alipaza sauti. “Ndugu msomi, unapumua bado?”

“Napumua. Nishikie upande huo.”

“Mie nimekuja kuzika. Sanda mnayo, au nayo mpaka tupange foleni?”

Alishika, hata hivyo. Nilitoboa matundu kwenye chasisi kwa keke ya mkono, kutu ikiniangukia machoni. Kisha mpira mmoja ukagoma kabisa kuingia kwenye fimbo, nikamwomba mke wangu kipande cha sabuni.

“Sabuni?” alijibu kutoka jikoni. “Unataka ya kumwogeshea mtoto, au ya kufulia shati lako la ofisini? Maana ni hiyo hiyo moja.”

“Kidogo tu.”

“Basi kesho gari nalo liende likapange foleni dukani.”

Mtani alicheka hadi akaegemea ukuta. Lakini sabuni ililetwa, ukucha mmoja wake, na mpira ukateleza ukakaa.

Michoro ilionyesha kwamba boliti za mwisho zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, limebeba uzito wake. Tukalishusha. Mtani akaingia kiti cha nyuma awe ndiye uzito, akajiachia kama mkubwa anayepelekwa kufungua mkutano, nami nikajipenyeza tena chini.

“Hebu niambie, mtani,” alisema juu yangu, “gari hii imemfanya nini mkweo, mpaka unaiongezea mbavu?”

“Kizunguzungu.”

“Kizunguzungu! Mke wangu naye alikuwa na kizunguzungu, akazaa mapacha.”

“Acha upuuzi.”

“Aa, unaficha. Umejiparua mikono yote hiyo kwa kizunguzungu? Mtu mzima na akili zako? Haiwezekani.”

Nilikuwa nimechoka, nina kutu machoni, na nilitaka mtu mmoja akiri kwamba kazi yangu ilikuwa na maana. Nikasema kwa sauti ya kupita vyuma vyote vilivyokuwa juu yangu:

“Ilimbwaga kiti kizima, mtani! Pale kona ya Pugu, miguu ikaenda juu! Wewe usingefunga chuma?”

Alianza kucheka, kisha akaacha. Kunde nazo ziliacha kudondoka. Nilibaki na spana kwenye nati. Mtani akashuka kutoka garini polepole, akafunga mlango bila kuubamiza.

“Ngoja niwahi nyumbani,” alisema, kwa adabu ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake.

Nilikaza boliti zilizobaki. Sikuwa na la kufanya zaidi ya kukaza boliti.

Jioni nilimtuma mke wangu amwambie mama kwamba gari halilali tena, nilikuwa nimelisukuma ubavuni kwa nguvu zangu zote na halikuyumba. Alirudi baada ya muda mfupi.

“Anashukuru kwa kazi,” alisema. “Atakwenda kwa miguu.”

“Kwa mguu ule? Mwambie nimefunga chuma! Kizunguzungu kimekwisha!”

“Punguza sauti.” Alikaa kitandani, mtoto begani. “Mchana ulipokuwa chini ya gari, mama aliniita. Akaniuliza, dereva si anatazama mbele, ya nyuma anayajuaje? Nikamwambia kuna kioo, mama, anaona kila kitu. Nilimjibu hivi hivi tu, sikujua anauliza nini. Amejifunika uso mpaka sasa.” Kisha akanitazama. “Uliona nini?”

Nikamwambia. Hakupiga kelele. Alimhamisha mtoto bega jingine.

“Mie niligeuka, nikamkuta amekaa,” alisema. “Aliwahi kujisitiri hata mimi binti yake nisimwone. Na wewe umeutangazia ukuta wa jirani.”

Nimesoma vitabu vingi kuhusu aibu ya watu wengine: aibu ya anayetawaliwa, aibu ya maskini mbele ya tajiri. Hakuna kilichonitayarisha kwa ile ya kwangu, ambayo haikuwa na siasa yoyote ndani yake. Nilikuwa nimeona kwa bahati mbaya, na hilo hakuna wa kunilaumu. Lakini jambo la namna ile, kwa watu wetu, huwa halijatokea maadamu hakuna aliyelitamka, na mimi nililitamka, tena nikiwa nimelala chini ya dirisha lake na miguu nje kama mlevi. Kibaya zaidi ni kwamba pengine kizunguzungu kilikuwa cha kweli. Pengine hakujua lolote juu ya macho yangu, aliogopa tu kutupwa tena, na chuma kile kingemrudisha garini bila neno. Au pengine alijua tangu kwenye kona, na kizunguzungu kilikuwa mlango aliotufungulia sote wawili tupite bila kugusana. Kwa vyovyote, niliufunga.

Nilikaa nikipima la kufanya. Nilifikiria kukiondoa kioo, nikaona kwamba asubuhi angekuta hakipo na angejua kwa nini. Nilifikiria pazia kati ya viti. Pazia nalo lingesema yaleyale. Hata kuomba radhi kungekuwa kulitaja jambo mara ya pili. Kila nilichoweza kufunga au kufungua kwenye gari lile kingemkumbusha. Kilichobaki cha kuondoa ni mimi. Na wazo lile liliniuma mahali pa kijinga kabisa: mtaa mzima utaona mtu mwingine akiendesha gari langu.

Alfajiri nilipiga hodi kwa mtani: yeye alisikia tu, hakuona, wala hakuwa mkwe. Alitoka na mswaki mdomoni. Nikamnyooshea ufunguo.

“Mpeleke mama hospitali, na mke wangu atafuatana nanyi. Leo, na siku nyingine zote mpaka likizo yako iishe. Baada ya hapo tutatafuta mwingine.”

Aliutazama ufunguo, akanitazama mimi. Niliona utani ukimjia, niliona na alivyoumeza.

“Na wewe?”

“Mie sipo.”

“Haya,” alisema. “Nitakwenda taratibu.”

Nilirudi kwa mlango wa uani, nikamwambia mke wangu, naye akaingia chumbani kwa mama. Mimi nikaingia chooni, nimevaa shati langu la ofisini, nikasimama mle nikiwa nimeshika komeo. Kisha nikasikia fimbo ikigonga sakafu ya baraza, mlango wa gari ukifunguliwa, na mke wangu akisema, “Inua mguu kwanza, mama, taratibu.” Mlango ukafungwa. Injini ikawaka, gari likatoka uani, likakata kona kuelekea Barabara ya Kilwa. Nilingoja hadi mlio wake uliposhindwa kusikika, nikafungua komeo, nikaondoka kwenda kazini.