Operating system yangu ilivyomtangazia baba mkwe kifo kanisani

Wakuu, poleni na majukumu.

Haya yamenikuta mwenyewe hapa Joburg, na mashahidi ni kanisa zima. Najua kuna watakaosema ni chai, nimetunga tu. Sawa, leteni vikombe.

Mimi ni Mtanzania, fundi wa simu na laptop, napanga chumba mtaa wa Berea. Mwaka wa pili huu naandika operating system (OS) yangu, ule mfumo unaoendesha kompyuta, kutoka sifuri. Si kuchukua ya watu na kubadilisha rangi, hapana. Naanzia ile code ya kwanza kabisa inayoamsha mashine.

Msiniulize kwa nini. Wengine wanafuga njiwa.

Uwezo wake: inawaka, inaandika herufi nyeupe kwenye skrini nyeusi, mistari ishirini na mitano. Basi. Intaneti haina, sauti haina, mouse haiijui.

Sasa, mchumba wangu Sifa ni Mkongomani. Baba yake, Papa Ilunga, ni fundi cherehani kutoka Lubumbashi. Nilipoenda kujitambulisha akaniuliza, "Hiyo kitu unatengeneza, haiko kwa maduka?"

"Ipo, Papa. Tena nzuri kuliko yangu."

Sifa akafumba macho. Mzee akafikiri kidogo, akasema, "Hata suruali iko kwa maduka. Na mi nashona."

Wakuu, hakuna mtu amewahi kunielewa vile. Kuhusu binti yake akasema atanijibu siku akiona kazi yangu imesimama.

Kwa furaha nikarudi nyumbani nikaipa OS jina lake: Ilunga. Sikumwambia mtu.

Niwaeleze kitu kidogo. Kila OS ina ujumbe wa mwisho, ule inaotoa ikianguka kabisa isiweze kuendelea. Wangu niliuandika kwa Kiswahili: ILUNGA AMEKUFA. ZIMA, KISHA WASHA TENA. Nilikuwa nauona mara kumi kwa siku, nikauzoea kama salamu.

Jumapili moja laptop ya kanisani kwao, ile ya kuonyesha nyimbo ukutani, ikagoma kuwaka. Pasta akaniita. "Fundi, si uko na mashine yako?"

Ninayo, ila wiki hiyo kwa kiburi nilikuwa nimefuta Windows. Ilikuwa na Ilunga peke yake.

Ningekataa. Lakini Papa Ilunga alikuwa benchi la mbele, na suti aliyoishona mwenyewe, amegeuka ananitazama. Nikachomeka waya wa projekta. Sifa akanisomea maneno ya nyimbo, mimi nachapa.

Wimbo wa kwanza, safi kabisa. Mzee akatikisa kichwa kidogo kukubali, na mimi nikaanza kujiona bwana harusi.

Wimbo wa pili ukanoga. Watu wakataka kiitikio tena, nikakiongeza. Tena, nikaongeza. Mstari wa ishirini na sita, ambao skrini yangu haina, ukaenda kwenye memory isiyo yake, OS ikaanguka.

Ukuta mzima: ILUNGA AMEKUFA.

Kwaya ikanyamaza. Mama mmoja aliyechelewa ndio alikuwa anaingia. Akasoma, akapiga ukelele, "Papa Ilunga!" akakaa chini palepale mlangoni. Papa Ilunga akasimama kumwonyesha kwamba yupo. Mama akaongeza ukelele.

Mimi nabonyeza keyboard ambayo haisikii tena. Sifa ndiye aliyechomoa waya.

Tulidhani yameishia hapo. Kumbe mtu alishapiga picha, na picha imeshafika Lubumbashi.

Ibada haijaisha, simu ya mzee ikaita. Ni dada yake mkubwa, Yaya kama wanavyoita kwao, analia. Mzee akatoka nje, akaweka spika.

"Yaya, ni miye. Niko muzima."

"Kama uko muzima, juu ya nini kanisa iliandika ulikufa?"

"Ni mashini ya huyu kijana."

"Mashini ilikujua jina namna gani?"

Hapo mzee akanigeukia. Nikamwambia ukweli wote: nimeipa jina lako, Papa, kwa heshima.

Papo hapo kwenye simu ikasikika sauti ya mwanaume akilia kwa nguvu. Mzee akauliza ni nani. Dada akasema ni Ngoie.

Sifa akaninong'oneza: Ngoie ni mdogo wake mzee. Waligombana siku ya kumzika mama yao na hawajazungumza tangu yeye Sifa akiwa shule ya msingi.

"Mupatie simu," mzee akasema.

Ngoie akakataa. Hazungumzi na maiti, huo ni uchawi. Alikataa hata video. Akapanda basi kuja kuzika.

Siku kadhaa baadaye tukaenda kumpokea Park Station. Akashuka amevaa suti nyeusi ya msiba. Hakusalimia mtu. Alimshika kaka yake sikio, akalivuta, akashika na la pili, kuhakikisha ni mtu hai. Halafu wakakaa chini kwenye mabegi, wazee wawili, wakalia mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna tatizo.

Mzee akanionyesha kwa kidole. "Huyu ndiye anaoa Sifa," akamwambia mdogo wake.

Ndivyo nilivyojibiwa, wakuu.

Nilichojifunza: usiipe code jina la mtu aliye hai, na ukikosea, sema ukweli mapema kabla simu haijapigwa.

Wataalamu wa memory karibuni, mnikosoe taratibu. Na kama kuna mtu hujaongea naye miaka, mpigie tu leo. Safari ya basi kutoka Lubumbashi ni ndefu sana.