Karani Kwenye Dawati la Nyuma

Karani wa shule yetu pale Singida alikuwa na vidole vyeusi kwa wino wa mashine ya kudurufu, na alipopiga taipu midomo yake ilichezacheza kama ya mtu anayesali. Mitihani yote ilipita mikononi mwake. Ulipokaribia mtihani wa majaribio wa kidato cha sita, mwenzetu Alute alikuwa akimbembeleza dirishani, "Dada, tutajie japo mada tu." Naye akamjibu, "Mada ni kusoma," akacheka, akaendelea na kazi.

Mwaka ule wafanyakazi nao waliruhusiwa kuomba chuo kikuu, mradi wafanye mitihani ya kidato cha sita pamoja na wanafunzi. Asubuhi ya mtihani wa historia tulimkuta amekaa dawati la nyuma, kajifunga kilemba kipya. Safari hii maswali alikuwa ameyapiga taipu mwalimu mwenyewe, ili karani asiyaone. Muda si mrefu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, swali la tatu umeruka neno."

Tulicheka sote, mwalimu naye. Yeye hakucheka. Aliandika mpaka kengele ilipolia.

Matokeo yalipobandikwa, alianza kulitafuta jina lake kutoka chini ya orodha. Kidole kikapanda polepole hadi namba nne. Alute, aliyekuwa wa tano, akainama mbele yake.

"Shikamoo, Dada!"

"Marahaba!" akaitika, kwa sauti iliyofika hadi jikoni.