Msomaji Kutoka Magoma

Sisi tuliosoma Lukozi, juu milimani Lushoto, kabla shule haijapata umeme tunakijua kitu ambacho watoto wa leo hawakijui: ukungu una masikio yake. Ukishuka kutoka msituni asubuhi, kuku wananyamaza, majani ya migomba yanaanza kudondosha maji, na mtu anayekohoa ng'ambo ya bonde unamsikia kama amesimama nyuma yako. Tulikwenda shule na viazi vya kuchoma mfukoni, tukivitumia kwanza kupasha vidole, na tukifika getini ndipo tunavila na maganda yake. Mchana tulirudi nyumbani kula makande. Njiani ilikuwa shikamoo kwa kila mtu mzima, na ukimruka mmoja, habari inakutangulia nyumbani na fimbo inakungoja. Siku hizi kijana ana waya masikioni, anakupita kama amepita nguzo ya simu.

Mchezo wetu ulikuwa kombolela, ule wa kujificha na kutafutana, na mimi nilipenda kucheza siku za ukungu. Macho yangu yalikuwa yameanza kufifia tangu darasa la nne. Juani wenzangu walinishinda kwa urahisi, lakini ukungu ukifunga, sote tulikuwa sawa, na mimi niliwashinda kwa kusikia pumzi zao. Mama alinikanya. "Mwanaidi, usicheze ndani ya ukungu. Huwezi kujua umemshika nani." Tulicheka. Lakini nakumbuka siku moja nilimshika mtu bega, nikapiga kelele kwamba nimempata, na wenzangu wote wakaitikia kutoka upande mwingine wa uwanja.

Nilipofika darasa la saba nilibaki kuona mwanga wa dirisha tu. Baba mdogo alisema waziwazi mbele ya wageni, "Kipofu na shule wapi na wapi? Akae na bibi yake wachambue maharage." Usiku ule baba aliniambia, "Mwanangu, ukifaulu utaendelea, hata kama nitauza ng'ombe. Ukishindwa, sitakuwa na neno la kumjibu mdogo wangu."

Aliyenishika mkono alikuwa Mwalimu Hoza, aliyetufundisha hisabati. Alibaki nami baada ya masomo, akinisomea maswali ya miaka ya nyuma nami nikimjibu kwa mdomo. Kabla ya kila swali jipya aligonga meza kwa ukucha mara mbili, ko, ko. "Hiyo ni alama ya kuweka chini swali la zamani," alisema. "Mtu anayesikia asipoweka chini, maswali yanamlemea kichwani." Hakuna mwalimu mwingine aliyefanya hivyo, wala sikumweleza mtu, kwa sababu niliona ni kitu chetu wawili.

Masika ya mwaka ule mlima ukaporomoka kwenye barabara ya kwenda kijiji jirani cha Malindi, na Mwalimu Hoza alikuwa njiani na pikipiki yake. Walimpata kesho yake. Tulimzika chini ya mikaratusi huku mvua ikinyesha, nami nikakaa majuma mengi sitaki kusikia neno mtihani.

Siku ya mtihani ikafika, na ukungu ulikuwa mzito kuliko nilivyowahi kuusikia. Msimamizi, mama mmoja aliyeitwa Mwalimu Rehema, aliyeletwa kutoka shule nyingine, alifungua bahasha yangu akaguna. Ndani kulikuwa na karatasi ya maandishi makubwa. Jina langu lilikuwa limepelekwa kwenye orodha ya wenye uoni hafifu wakati bado naona kidogo, na tangu hapo hakuna aliyeirekebisha.

"Binti, unaziona herufi hizi?"

"Hapana, mwalimu. Naona weupe tu."

Alipanda mlimani kutafuta mtandao, akapiga simu wilayani. Aliporudi alihema, lakini alikuwa na jibu: ningesomewa, ningeongezewa muda, naye angekaa mlangoni kama shahidi. Msomaji asingekuwa mwalimu wa shule yetu. Alikuwapo mmoja wa Magoma, kule chini tambarare, ambaye alikuwa Lushoto mjini kwa kazi hiyohiyo ya mitihani; wangemleta kwa pikipiki. Mpaka afike sikuruhusiwa kukutana na wenzangu. Wakanipeleka stoo ya mahindi, nyuma kabisa ya shule, wakaweka meza moja na viti viwili. Palinuka magunia na panya. Nilisikia wenzangu wakimaliza, wakicheka, wakienda zao, na shule ikawa kimya kama msikiti baada ya swala.

Pikipiki ilikuja, ikazimwa. Nyayo zikaingia, kiti kikavutwa.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema.

"Marahaba. Tuanze, eti?"

Ile ilikuwa sauti ya Mwalimu Hoza. Ule mkwaruzo mwishoni mwa neno, lile "eti" la kuburuta, vyote vilikuwa vyake. Nikataka kumwita Mwalimu Rehema. Ukungu ulikuwa umeingia kupitia dirishani, niliusikia ubaridi wake shingoni. Nikajiambia, ukikimbia sasa, kesho unachambua maharage.

Kisha meza ikagongwa. Ko, ko.

"Swali la kwanza," ile sauti ikasoma.

Sijui niseme nini kuhusu saa zile. Niliogopa, lakini kila ukucha ulipogonga, kichwa changu kilisafika kama sahani iliyooshwa. Niliweka chini la zamani, nikachukua jipya. Nilitaja herufi ya jibu, naye akatia alama. Mara moja tu nilikwama, kwenye swali la eneo la duara, nikaanza kulia. Msomaji hakusema kitu, maana hakuruhusiwa. Alisubiri. Nikalipata jibu, nikalisema, na meza ikagongwa tena, taratibu zaidi.

Tulipomaliza, nilikusanya ujasiri wote niliokuwa nao. "Mwalimu, samahani. Wewe ni nani?"

Akacheka kidogo. "Naitwa Hoza. Marehemu aliyewafundisha hapa alikuwa kaka yangu, baba mmoja, mama mbalimbali. Mimi nimekulia Magoma kwa wajomba. Watu husema tumefanana sauti. Nimekutisha, mwanangu?"

Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu mchana. "Kidogo. Lakini asante kwa kunigongea meza. Yeye ndiye aliyekufundisha?"

Nikasikia kiti chake kikirudi nyuma.

"Kugonga?" akasema. "Nilidhani ni wewe. Mimi nilikuwa nimeshika karatasi kwa mkono mmoja na kalamu kwa mwingine. Nilikuwa nangoja ugonge ndipo nisome."

Mimi nilikuwa nimeikalia mikono yangu muda wote, kwa baridi.

Mwalimu Rehema akaja upesi kutoka mlangoni, akakusanya karatasi. "Tufunge chumba," alisema, akanivuta nje kabla sijasimama sawasawa. Nilipomsimulia baba, akasema, "Mtu akikusaidia, mwombee. Usimwulize ametokea wapi." Ijumaa ile tulikwenda kaburini, yeye na mimi, tukamsomea dua.

Nilifaulu. Ng'ombe akauzwa. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyebeba sanduku langu mpaka stendi, na hakuzungumzia tena maharage.

Leo nafundisha wanafunzi wasioona, si mbali na pale. Mambo yamenyooka. Majina yao yanahakikiwa mapema, kuna karatasi za nukta nundu za kusoma kwa vidole, kuna chumba chenye taa na zulia, kuna kompyuta inayosoma kwa sauti ya mwanamke asiyechoka. Wanangu hawa wanadeka! Spika ikikwaruza kidogo wanalalamika kama wamenyimwa chakula. Misitu nayo imepungua, na ukungu wa siku hizi ni mwepesi, unakimbia kabla ya saa nne.

Juzi, kwenye mtihani wa majaribio, mwanafunzi wangu Asha alivua vifaa vya masikioni akaniita.

"Mwalimu, naomba mtu anisomee."

"Kompyuta imeharibika?"

"Hapana. Haipumui. Ikinyamaza, najiona niko peke yangu humu ndani."

Nikavuta kiti nikakaa karibu naye. Enzi zetu hatukuwa na taa, wala zulia, wala karatasi iliyokuja sawasawa. Lakini sikuwahi, hata siku ile, kuwa peke yangu chumbani.