Subira ya Printa ya Abukar

Mwaka wa tisini na sita, Syombua alikuwa mtu wa kuonewa gere pale Shauri Moyo. Msichana wa watu kutoka Kitui, ameajiriwa kuandika programu za kompyuta, wakati majirani wengi hata hiyo kompyuta waliiona kupitia dirisha la benki. Mama yake mdogo, Mwongeli, aliyekuwa akiishi naye, aliwaambia watu kanisani kwamba mtoto anatengeneza kompyuta, na Syombua alishachoka kumsahihisha. Lakini Novemba ile gere lote lingewaisha kama wangejua yaliyokuwa yakimsibu. Unga wa mtu ulikuwa karibu kumwagika, na hakujua kama ni wake au wa mwenzake.

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili Eastleigh, juu ya duka la rangi. Mwenyewe, Ng'ang'a, aliuza vifaa vya madukani: printa ya risiti, printa ya lebo, mzani, na kile kioo kidogo kinachomwonyesha mteja bei. Kila kifaa kiliunganishwa kwa waya kwenye tundu la nyuma la kompyuta, na herufi zilipita humo moja baada ya nyingine. Ili kompyuta iongee na kifaa, ilihitajika programu ndogo ambayo watu wa kazi hiyo huiita dereva. Vifaa vinne, madereva wanne, na wote waliandikwa na Kiilu.

Kiilu ndiye aliyemfundisha Syombua kazi. Mtu wa makamo, mbishi, hasa ukimgusia mpira. Njia yake ilikuwa moja tu: kikija kifaa kipya, ananakili dereva wa zamani, anabadilisha hapa na pale, basi, anafunga ofisi anaenda zake. Kwa hiyo ile sehemu ya kupeleka herufi kwenye waya ikawa imeandikwa mara nne, karibu neno kwa neno. Kosa likionekana kwenye mzani, analirekebisha kwenye mzani. Kwenye lebo linabaki pale pale, mteja analia. Jamani, hata wewe ungekasirika. Syombua alikasirika, akamwendea Ng'ang'a na kumwambia kwamba sehemu hiyo inaweza kuandikwa mara moja tu, na madereva wote wanne wakaitumia.

Ng'ang'a alifurahi kupita kiasi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Aliwaita wote wawili akasema kwamba kama kitu cha kutunzwa mara nne kitatunzwa mara moja, basi mtu mmoja anatosha. Kazi ya Syombua ikitulia dukani kwa Abukar, mteja wao mkubwa, hadi mwisho wa mwezi, Syombua anabaki na Kiilu anaondoka. Isipotulia, vitu vya Kiilu vinarudishwa, naye Syombua atafute kwingine. Syombua alikuwa ametaka kupunguza maandishi, hakutaka kupunguza watu. Kiilu alitazama dirishani, akasema Jumamosi kuna mechi.

Basi Syombua akaandika. Alipolinganisha zile nakala nne, tatu zilifanana: kifaa kisipokuwa tayari, programu inangoja sekunde mbili, kisha inatupa herufi na kuendelea na mambo yake. Ya printa ya risiti ndiyo iliyokuwa kichwa kigumu. Hiyo ilingoja tu, bila mwisho, hata kompyuta nzima ikakwama. Syombua alicheka peke yake, akasema huu ni uvivu wa Kiilu, alisahau kuweka kikomo. Akafuata zile tatu, akafuta ile moja. Ofisini kila kitu kikaenda sawa, akapeleka kazi yake kwa Abukar.

Abukar aliuza vitambaa kwa jumla. Haikupita muda akapiga simu: risiti zinapotea. Si zote, labda moja kwa siku. Mteja amelipa, risiti hana, na bawabu wa pale mlangoni hamruhusu mtu kutoka na bunda bila risiti. Karani inambidi aingize mauzo upya, na jioni kompyuta inadai vimeuzwa vitambaa ambavyo viko pale pale rafuni. Syombua akaenda asubuhi, akakaa, printa ikachapa vizuri kabisa. Akarudi kesho yake, vilevile. Akabadilisha waya. Akabadilisha printa yenyewe. Kila alipokuwepo hapakuwa na shida. Akienda kula chakula cha mchana, akirudi anaambiwa imetokea tena. Karani akamwambia mashine yake ina majini, na hakuwa anacheka.

Alishuku wanamchezea. Kisha akashuku kompyuta, kisha akajishuku mwenyewe. Alisoma maandishi yake mpaka mistari ikamchanganya macho, na kila mstari ulikuwa sahihi. Nyumbani Mwongeli alimpakulia muthokoi, naye akauangalia tu kama mtu asiyejua chakula huliwa vipi. Mama mdogo akauliza ni mwanamume gani huyo.

Mwezi ulikuwa unaisha. Mtu mwenye jibu alikaa meza ya pili, na hapo ndipo palipomchoma. Amwendee amwambie nini? Nisaidie nikutoe kazini? Alizungukazunguka ile meza, akaishiwa na visingizio vya kupita hapo, mwishowe akasimama mbele yake.

"Bwana Kiilu, kwa nini ile printa ya risiti uliifanya ingoje bila mwisho?"

Kiilu aliweka kalamu chini. Akauliza kama amewahi kuwa kwa Abukar adhana ya adhuhuri ikilia. Hajawahi, saa hiyo huambiwa duka linafungwa, naye huenda kula.

"Nenda leo," Kiilu akasema. "Usile."

Akaenda. Adhana ilipolia, karani alikuwa akimalizana na mteja wa mwisho. Akabonyeza kitufe cha risiti, na papo hapo Abukar akanyoosha mkono akazima swichi ya ukutani: feni, redio, printa, vyote. Duka la jirani liliwahi kuungua watu wakiwa msikitini, na tangu hapo haachi kitu kikiwaka ila kompyuta, kwa kuwa inachelewa kuamka. Mteja akaacha bunda lake, wakaenda kuswali pamoja. Zamani, waliporudi na kuwasha, risiti ilitoka, kwa sababu dereva wa Kiilu alikuwa bado anaingojea printa. Sasa printa iliwaka, ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Risiti ilishatupwa zamani.

Kumbe! Syombua, mtoto wa kanisa, alikuwa akiisikia adhana ile kila siku ya kazi, na haikumpitia akilini kwamba inamhusu. Aliona haya, akafurahi, akaogopa, yote kwa pamoja. Marekebisho yenyewe yalikuwa madogo: ile sehemu ya kupeleka herufi ibaki moja, ila kila dereva aje na subira yake, na ya printa ya risiti isiwe na kikomo. Tangu hapo Abukar hakupiga simu tena.

Siku ya mwisho wa mwezi alimwendea Ng'ang'a kumwambia ukweli, kwamba aliyejua ni Kiilu. Ng'ang'a akashangaa. Kiilu alikwisha kupita asubuhi, akarudisha funguo, na akasema Syombua ndiye aliyegundua. Haya sasa, ashike lipi?

Alimkuta Kiilu nje ya nyumba yake, akimpigia nduguye msasa twiga wa mbao. Nduguye alikuwa mchongaji. Syombua hata hakusalimu. Alimwuliza kwa nini alimwelekeza kwa Abukar, hali akijua nani atabaki.

Kiilu alipuliza vumbi. "Dereva wa ile printa ndiye wa kwanza niliyemwandika. Nilishinda kwa Abukar nikitafuta ile shida, nikaipata, nikarudi, na mkubwa hakuniuliza hata nilikuwa wapi. Wewe ulinifuta kwanza. Lakini ulikuja ukaniuliza."

Pole haikufaa, asante ndiyo mbaya zaidi. Syombua akauliza kama amekasirika.

"Sana," Kiilu akasema, akamsogezea kiti.