Fremu za Chuma na Mjane wa Jossefa

Mume wake Jossefa alipozikwa, Laurinda alimfungia shemeji yake mlango. Desturi ya kisiwani ilimtaka Armando, mdogo wa marehemu, alale naye ili kifo kimtoke mwilini, ndipo aruhusiwe kukanyaga tena bahari. Laurinda alikataa. Armando alikwisha kuchukua mashua, akachukua na mbuzi. Mwili wake hakumpa. Maji yalipokupwa, alibeba beseni na chuma chake cha kuchimbia, akaingia kwenye nyasi za bahari kuchimba kombe, wale wa magamba wanaojificha mchangani. Hakuwa na chakula kingine, wala mtu wa kumletea.

Wanawake hawakumfukuza. Walimwachia tu nafasi kubwa pembeni, kama mtu anayenuka.

"Kombe zikizama, tutamjua aliyezizamisha," alisema Mama Felismina, mkubwa wao, huku akiliangalia beseni lake mwenyewe.

"Zimezama wapi, Mama?" aliuliza Laurinda. "Si hilo lako limejaa mpaka juu?"

"Nimesema zikizama, mwanangu. Una haraka ya nini?"

Baada ya miaka miwili wakaja wanafunzi wa chuo kutoka Maputo, kujifunza viumbe vya bahari. Walishuka na ndoo, kamba na fremu za chuma. Walilaza fremu juu ya nyasi, wakachimba ndani yake, wakahesabu kila kilicho hai, kisha wakakirudisha. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtu mzima anachimba kombe halafu anazifukia!

Binti mmoja wa chuo, Ivone, alikwenda kuchimba karibu na Laurinda, kwa kuwa huko kulikuwa na nafasi.

"Shangazi, mbona wenzako wako mbali hivyo?"

"Wanaogopa nitawaambukiza ujane."

Ivone alicheka, akidhani ni mzaha. Siku zote za ziara walichimba pamoja. Laurinda alimpikia kombe kwa nazi, akamkaushia nguo zake motoni. Muda mrefu ulikuwa umepita bila mtu kula kwenye sahani yake.

Kabla ya kuondoka, mwalimu wao aliwakusanya watu wa kijiji ili awashukuru, akamsimamisha Ivone aeleze walichokiona.

"Wanafunzi waliotutangulia walipima hapahapa mwaka juzi," alisema Ivone. "Tangu hapo kombe zimepungua nusu."

"Mwaka juzi mwezi gani, binti yangu?" aliuliza Mama Felismina.

"Agosti, Mama."

Jossefa alizikwa Septemba ya mwaka huohuo. Hakuna aliyelitamka hilo, lakini vichwa viligeuka kimoja baada ya kingine.

Laurinda akasimama. "Ivone, mwanangu, waambie kilichozipunguza."

Ivone alimtazama mwalimu wake. Alikuwa amefundishwa asiseme asichokipima.

"Bado hatujui, shangazi. Huenda maji yamepata joto, huenda tunachimba kupita kiasi. Hatuna ushahidi."

"Sisi tunao," alisema Mama Felismina. "Asanteni sana, wanangu. Mmetusaidia."

Mwalimu akatabasamu. Wanafunzi wakapiga makofi. Ivone alimkumbatia Laurinda, akapanda boti.

Kesho yake Laurinda alipoingia majini, wanawake wote walitoka, wakakaa mchangani na mabeseni matupu.

"Chimba, bahari ni yako," alisema Mama Felismina.

"Na kesho?"

"Na kesho ni yako. Watoto wetu watalala njaa, nasi tutawaambia ni kwa ajili ya nani."

Alichimba peke yake ghuba nzima. Alivumilia siku zote za bamvua, maji yanapokupwa mbali, huku watoto wa jirani wakilia ukutani kwake na mama zao wakiwaacha walie. Kisha jioni moja akaacha mlango wazi.

Armando alikuja na shati jipya. "Shemeji," alisema akivua viatu, "ungefungua mapema, ungeniokolea miaka miwili."

Maji yalipokupwa asubuhi, mwanamke mmoja alisogeza beseni lake karibu na la Laurinda, akamwomba chumvi kama vile waliagana jana tu. Laurinda alimpa.

Mwaka uliofuata wanafunzi wengine walikuja na fremu zilezile. Walipima, wakashukuru, wakasema kombe zimepungua tena. Laurinda alikuwa amekaa katikati ya wanawake. Safari hii vichwa havikumgeukia yeye. Vilimgeukia Zulmira, aliyefiwa na mume wakati wa mvua, na ambaye watu walisema bado analala na mlango umefungwa.

Laurinda naye aligeuza kichwa.