Vioo Vilivyobaki Chini

Wingu lilipotanda upande wa Runzewe, majirani wa Asteria walisema afadhali, mahindi yatapona. Yeye alitua jembe palepale kwenye tuta, akakaza khanga kiunoni na kukimbia nyumbani kufunika gari. Alikuwa mama wa watoto wanne, na goti lake la kushoto lilimuuma kila alipokimbia. Alikimbia hivyo misimu miwili ya mvua.

Gari lenyewe lilikuwa la spoti, jekundu, la milango miwili, limelala chini hata mtu mzima akitaka kuingia lazima atangulize makalio. Lilikuwa la mumewe, Deogratias, ambaye watu wa Ushirombo walimwita Baba Skola kwa jina la binti yao mkubwa, Scolastika. Deogratias alikuwa mchimbaji mdogo. Kwa miaka mingi alishuka kwenye maduara ya watu, mashimo ya kuchimbia dhahabu, akirudi na vumbi na hadithi. Kisha mwaka mmoja duara lao likatema. Dhahabu yenyewe haikuwa ya kutisha, ila kwa watu waliozoea kupandisha mawe matupu ilitosha kuwavuruga akili. Wenzake walijenga nyumba. Yeye alipanda basi kwenda Mwanza, akarudi akiendesha gari lile, na vijana wakalazimika kuchukua majembe kusawazisha njia ya kuingilia nyumbani.

Asteria alinuna wiki nzima. Lakini ukweli usemwe: Jumapili ya Pasaka alipopelekwa kanisani ndani yake, vioo vimeshushwa ili Deogratias asalimiane na watu vizuri, upepo ukampiga usoni na akafurahi. Waliposhuka alijikuta anatembea taratibu ili aonekane.

Furaha hiyo haikufika Krismasi. Duara lilijaa maji, likaachwa. Gari nalo likagonga jiwe kwa tumbo, oili yote ikamwagika njiani bila Deogratias kujua, injini ikakwama. Lilivutwa hadi nyumbani na maksai wa jirani yao, Mzee Maduhu, huku yeye ameshika usukani, kichwa nje ya dirisha, akiwapigia ng'ombe kelele. Baadaye akaichomoa betri akaenda nayo machimboni kuwashia taa. Vioo vilikuwa vya umeme. Vikabaki chini.

"Injini itapatikana, Mama Skola," alimwambia siku anaondoka kwenda kwenye rashi, machimbo mapya upande wa Geita ambako kila mtu alikuwa akikimbilia. "Ila viti vya ngozi na zile nyaya vikiingia maji, basi tena. Mvua isiingie humo."

Alimwachia turubai moja la bluu.

Asteria akawa mlinzi wa gari. Kwa ajili yake aliacha palizi, aliacha ugali jikoni ukaungua, na siku moja aliiacha jumuiya katikati ya rozari, wanawake wakaendelea na Salamu Maria bila yeye. Alipanga mawe juu ya turubai, akafunga kamba kwenye magurudumu, na bado upepo wa mvua ulilifunua. Kila mvua ikikatika alilala kifudifudi juu ya viti, akifyonza maji kwa matambara na kuyakamua nje. Deogratias akipata mtandao alipiga simu, na gari ndilo aliloliuliza kwanza.

"Halijalowa?"

"Halijalowa."

Kisha watoto. Kisha salio linaisha.

Mwezi wa nne mama mzazi wa Bernadina akafariki. Bernadina ndiye jirani aliyemzalisha Asteria mtoto wa mwisho kando ya barabara, walipokuwa hawajafika kituo cha afya. Waombolezaji walikuwa wengi kuliko kivuli, na wazee wakakaa juani wameshika kofia zao. Asteria alikwenda nyumbani, akafungua kamba, akatua mawe moja moja, akarudi na turubai kichwani.

"Na gari?" Bernadina aliuliza, macho yamemvimba.

"Wazee kwanza. Halafu mbona mbingu nyeupe."

Kweli ilikuwa nyeupe. Lakini mchana, wanawake wakiwa bado wanachagua mchele, upepo uligeuka na wingu likaja jeusi, limeshuka chini. Mzee Maduhu, aliyekuwa ameketi chini ya turubai lilelile, aliliona kabla ya wengine.

"Mayu," alimwita, kama Wasukuma wanavyomwita mama, "gari lako!"

Asteria alisimama. Angeweza kuliomba turubai, na wangempa. Angeweza kukimbia na mablanketi au magunia. Goti likamuuma kabla hajapiga hatua. Akakaa tena, akavuta ungo mapajani.

"Acheni linyeshewe," alisema.

Mvua ikapiga turubai hata watu wakawa hawasikilizani. Alichagua mchele mpaka ukaisha, akatoa vijiwe vyote, na mwenyewe alishangaa kwamba moyo wake haukuwa ukimwenda mbio.

Aliporudi nyumbani alikuta maji yamefunika pedali, na majani ya mpera yanaelea kwenye dimbwi la kiti cha nyuma. Alilitazama kidogo, akaingia ndani kulala. Hakuchota hata kikombe. Mvua zilizofuata zikaongeza.

Simu ilipoita hakutafuta maneno. "Limelowa, Baba Skola. Limejaa."

Alisikia mashine ya karasha ikisaga mawe huko alikokuwa mumewe. Kisha simu ikakatika.

Deogratias alifika na bodaboda, amekonda, shati linamning'inia. Watoto walimwamkia kwa mbali. Hakuingia ndani. Alivuta mlango wa gari, na maji meusi yenye uvundo yakamwagika juu ya viatu vyake.

"Nilikuomba kitu kimoja tu."

"Uliniomba, na nimekifanya misimu miwili. Nimechoka."

"Turubai lilikuwa wapi?"

"Msibani kwa Bernadina. Wazee walikuwa juani."

"Gari zima, kwa ajili ya kivuli?"

"Gomba, Baba Skola, gomba hata kutwa. Mimi kulikimbilia gari hilo, basi."

Alijiandaa kwa kelele. Badala yake Deogratias aliinama, akatanguliza makalio, akakaa kwenye kile kiti kilicholowa na kuweka mikono kwenye usukani.

"Huko sina duara," alisema bila kumtazama. "Tangu mwaka jana sina. Nabeba mawe ya watu kuyapeleka kwenye karasha. Vijana wananicheka kwamba nimezeeka, nami nawaonyesha picha ya gari kwenye simu. Basi wananiita tajiri, na siku inapita."

Asteria alitamani kukasirika. Hasira haikuja. Alizunguka, akafungua mlango wa pili, akakaa kando yake, na maji ya baridi yakapenya khanga hadi mwilini. Watoto walikuwa wamesimama barazani wakiwatazama wazazi wao ndani ya gari lisilokwenda popote.

"Umekula?" akamwuliza.

"Tangu jana, hapana."

"Basi twende ndani."

Haikupita muda mrefu fundi mmoja kutoka Kahama akaja na lori kulichukua. Alilitaka kwa ajili ya milango na taa tu. Mtoto mdogo alilia, Deogratias akajifungia chumbani mpaka lori lilipotokomea, na Asteria akachukua ufagio akafagia pale lilipokuwa.

Mvua za mwisho zilipokuwa zikinyesha, mume na mke walikwenda pamoja kupiga matuta ya viazi. Deogratias alikuwa mbovu wa jembe. Badala ya kuinua udongo alikuwa akiteremka nao, shimo linazidi kuingia ndani.

"Wewe, hapo unalima au unatafuta dhahabu?" Asteria alimwuliza.

Deogratias alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi cha vumbi la miaka, hata akaketi chini. Alitaka kuinuka upesi, aibu imemshika.

"Kaa," Asteria alimwambia. "Pumzika kwanza."

Hakujua kama mumewe angebaki mpaka viazi vikomae, au angesikia habari za machimbo mengine na kufunga kibegi chake. Siku hiyo hakuwa na nguvu za kuuliza. Aliingia kwenye tuta la Deogratias, akafukia shimo, akanyoosha tuta, kisha akaendelea na la kwake.